Magharibi Gani, Afande?

Huku Bwera, mpakani na Kongo, watu wa rika langu hawalitaji neno magharibi jua likishaanza kushuka. Wakitaka kukuelekeza njia watasema "upande ule", au watainua tu kidevu kuelekea mtoni. Vijana wanatucheka. Mimi huwaacha wacheke, maana nikianza kueleza nitagombana nao, na nikigombana sijui kuacha. Lakini leo nimeamua kueleza. Neno hilo lilimchukua kaka yangu, na aliyelitolea maana isiyokuwa yake siku ile nilikuwa mimi.

Aliitwa Maate Syahuka. Mimi nilimwita Yaya, kama tunavyowaita ndugu wakubwa huku mpakani. Watu wa pwani msinicheke mkidhani namsema yaya wa kulea watoto, ingawa kusema kweli alinilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na tisa, na ndio kwanza reli ilikuwa imefika Kasese. Akashuka kubeba mizigo stesheni ili mimi nipate kula na kwenda shule hadi darasa la nne. Wenzake walirudi kutoka Kasese na mashati mapya. Yeye alirudi na daftari.

Lilikuwa daftari jeusi, limeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa gunia. Ndani aliandika maneno ya Kiswahili, na mbele ya kila neno maana yake kwa Kikonzo, lugha yetu. Stesheni pale walipita watu wa kila aina: makarani kutoka Mombasa, askari Wanubi, wachuuzi wa Kongo, Wajaluo wa kwenye mabehewa. Yaya aligundua kwamba wote wanasema Kiswahili na wote hawaelewani. Neno lilikuwa haliingii daftarini mpaka alisikie kwenye vinywa vitatu tofauti, na kama kila kinywa kililipa maana yake, aliziandika zote na kuzipa namba.

Baada ya uhuru wakampa kazi ya ukalimani katika mahakama ya Bwera, na baadaye polisi nao wakawa wanamwazima. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kuchosha. Likitokea neno linalomsumbua, alikuwa akifumba macho, anashika ncha ya sikio lake la kushoto na kulivuta taratibu, kisha anauliza. Swali lake lilikuwa moja siku zote. Ukisema mbuzi, anauliza mbuzi gani. Ukisema jana, anauliza jana gani. Mke wake alirudi kwao Kisinga, akasema kuishi na Maate ni kuishi kizimbani. Mimi naye tuliwezana kwa sababu mimi pia nilikuwa nimerudishwa na mume, na kosa langu lilikuwa kinyume cha lake. Mimi nilirudishwa kwa ajili ya mdomo.

Swali lake hilo la kuchosha liliwahi kumwokoa mtu. Tumukunde, fundi baiskeli, Mkiga aliyehamia hapa kwetu, alishtakiwa kwamba alitaka kumuua mchuuzi kwenye ugomvi wa gulioni. Shahidi alikuwa mama kutoka ng'ambo ya mto. Akasema, "Huyu hakutosha kisu." Karani, ambaye alisomea mbali, akaanza kuandika kwamba kisu hakikumtosha mshtakiwa, alitaka na panga. Yaya akavuta sikio. "Kutosha gani, mama?" Mama akafanya kwa mkono, kama mtu anayechomoa kitu kiunoni. Kumbe kwao kutosha ni kutoa. Alikuwa anasema Tumukunde hakuchomoa kisu kabisa. Tumukunde akarudi nyumbani kwake siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo baiskeli ya Yaya haikukosa mafuta kwenye mnyororo.

Nawaambia haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani, na mjue nilimkatiza nani.

Ilikuwa Machi, mwaka wa sabini na tatu. Watu tuliitwa kwenye uwanja wa gulio saa tisa alasiri. Landrova ilikuja kutoka Kasese na askari sita na mkubwa wao mmoja, mtu wa mbali ambaye jina lake hatukulijua. Tulimwita afande kama kila mtu. Alipanda juu ya kreti la soda, akafungua karatasi. Yaya akasimama kando yake.

"Sikiliza!" afande akasema. "Kila mutu iko na ndugu, ama iko na rafiki, huko Magharibi, andikisha jina. Siku tatu. Mutu naficha, ataona. Wewe, sema na hawa."

Yaya alifumba macho, akashika sikio.

"Magharibi gani, afande?"

"Nini?"

"Nauliza, afande. Magharibi gani?"

Jua lilikuwa limetukaa usoni, samaki niliokuwa nauza walikuwa wameachwa mezani peke yao na nzi, na yule mtu juu ya kreti alikuwa anageuka rangi. Nilimwogopea Yaya. Pia, niseme ukweli, niliona aibu. Nikasema moyoni, hata leo, hata mbele ya bunduki, lazima aulize? Nikapaza sauti kwa Kikonzo kutoka kwenye kundi la wanawake:

"Yaya nawe! Magharibi si kule jua linakozama? Si ng'ambo ya mto?"

Watu wakacheka. Hata askari walicheka, ingawa hawakuelewa. Afande akatikisa karatasi. Yaya alifungua macho na kunitazama mimi, muda mrefu kidogo, kisha akawageukia watu na kuwatafsiria: kila mwenye ndugu ng'ambo ya mto, aandikishe jina.

Sasa fikirini. Bwera nzima ina ndugu ng'ambo ya mto. Ule mto Lhubiriha unauvuka kabla hujamaliza sigara. Shangazi yuko Kasindi, shemeji yuko Beni, mbuzi wanalala upande huu na kula upande ule. Na miaka ile sukari na sabuni vilikuwa vimeanza kuwa hadithi. Sijui nani alianza kusema kwamba watakaoandikishwa watapewa vibali vya kuvuka. Safari hii si mimi. Watu walipanga mstari kwa furaha siku zote tatu. Wa kwanza nilikuwa mimi, Kabugho, ndugu: mama mdogo, Kasindi. Tumukunde, ambaye ng'ambo ya mto hakuwa hata na adui, alijitungia binamu palepale ili asikose kibali. Yaya alimtazama, akaandika.

Siku ya tatu alikuja bibi Edisa, jirani yetu. Alizaliwa Kongo, na macho yake yalikuwa yamebaki kutofautisha mwanga na giza tu. Mumewe, Magidu, alikuwa mwuza chumvi ya Katwe, Mwislamu, mtu wa heshima. Alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, katikati ya swala ya magharibi, uso wake kwenye mkeka. Tangu hapo kila jioni Edisa alitandika mkeka ule ule uani, akaweka birika la maji kando, akakaa kimya mpaka giza liingie vizuri. Ukimwuliza mzee Magidu yuko wapi, jibu lake lilikuwa moja, na ndilo alilompa Yaya.

"Bwana yangu iko ku magharibi. Andika."

Yaya akavuta sikio. Kisha akaandika: Magidu, mume, Magharibi.

Jioni nikamwambia, "Yaya, mbona umemwandika maiti?"

"Mkalimani hasahihishi," akasema. "Anauliza. Asipopewa nafasi ya kuuliza, anaandika."

Hilo ndilo neno kali pekee aliloniambia maishani.

Majina yalikuwa sitini na moja. Orodha ikaenda Kasese siku ya Ijumaa, na wiki moja ikapita bila kibali wala sukari.

Jumamosi ya pili niliamka kukoka moto, nikafungua mlango, nikaona kwenye ubao wake, kimo cha kifua changu, herufi M ya chaki. Nikadhani ni watoto. Nikafuta kwa kanga, nikaenda kisimani. Njiani nikaona M kwenye mlango wa jirani, na wa jirani yake. Mlango mmoja unarukwa, miwili inaandikwa. Wanawake walikuwa wamesimama vizingitini na mitungi yao, hakuna anayesalimia. Milango yote iliyoandikwa ilikuwa ya watu wa kwenye orodha. Kwa Edisa zilikuwa M mbili, moja ya kwake, moja ya mumewe. Mbwa hawakuwa wamebweka hata mmoja.

Tulizifuta zote. Jumapili asubuhi tulipotoka kwenda kanisani zilikuwa zimerudi, mahali palepale, kimo kile kile.

Siku hiyo mchana alikuja Opio, konstebo wa polisi, mtu wa mashariki ya nchi aliyekaa hapa hadi akajifunza kula ndizi zetu bila kulalamika. Alimheshimu sana kaka yangu, akimwita Mwalimu. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, ile alama ni askari naandika, asubuhi sana. Mimi naona kwa macho yangu." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Na ile neno. Ile Magharibi si hii yetu."

"Ni ipi?"

"Ya Bazungu. Uingereza, Amerika, huko kote. Redio iko nasema kila siku: majasusi ya Magharibi. Wao nataka watu yenye beko na rafiki huko. Sasa kule Kasese banasema Bwera peke yake iko na majasusi sitini na moja."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nakumbuka niliuweka chini polepole sana, kana kwamba ukigonga sufuria mtu atasikia. Majasusi sitini na moja. Watu ambao hawakuwahi kuiona hata picha ya Uingereza, wengine hawajafika hata Mbarara. Na wa kwanza wao mimi.

Yaya hakushangaa alivyopaswa kushangaa. Alitoa daftari, akafungua ukurasa wa M, akaandika kwa wino. Kisha akamwuliza Opio, "Uingereza iko upande gani wa hapa?" Opio akafikiri, akanyoosha mkono juu, kule milimani, kaskazini.

"Basi kwa nini wanaita Magharibi?"

"Mwalimu," Opio akasema, karibu alie, "usiulizage sasa."

Jumatatu, jua linazama, walimchukua Tumukunde. Walikuja askari wawili kwa miguu, wakasimama mbele ya banda lake na kutamka jina lake kama lilivyoandikwa. Alikuwa anajaza upepo tairi. Wanasema hakuuliza kitu. Aliacha pampu ikiwa imechomekwa kwenye vali, akaenda nao. Gurudumu la baiskeli iliyogeuzwa juu chini liliendelea kuzunguka, na watu waliokuwa pale walibaki wakilitazama hilo gurudumu, kwa sababu hakuna aliyetaka kutazamana.

Jumanne, saa ile ile, walikuja kwa Magidu.

Hili niliona mwenyewe, kupitia ua wa matete unaotenganisha uwanja wetu na wa Edisa. Bibi alikuwa ameshatandika mkeka, birika liko mahali pake. Askari mmoja alikuwa mtu mzima, mwingine kijana mwenye bereti kubwa kuliko kichwa chake.

"Magidu iko wapi?" mtu mzima akauliza.

"Iko ku magharibi," Edisa akajibu.

Wakatazamana. Nadhani walidhani wamepata jambo kubwa.

"Nakuja lini?"

"Anarudiaka kila siku. Saa hii. Mukae."

Wakakaa. Mungu wangu, walikaa. Wakavuta viti viwili vya miti, bunduki mapajani, wakamsubiri marehemu. Jua likaingia nyuma ya vilima vya Kongo. Mwanga ukawa ule ambao mtu unamwona lakini humjui. Kuku walikuwa wamekwisha kuingia, upepo haukuwepo. Ndipo nikasikia maji. Kwanza kidogo, kama yanamiminwa kiganjani, kisha mtu akisukutua, kisha maji yakimwagika juu ya miguu, mguu mmoja, halafu wa pili. Edisa alikuwa amekaa mikono kifuani, mbali na birika.

Yule kijana akasimama. "Nani ule?"

"Wapi?"

"Pale. Kwa mukeka. Nainama."

Mtu mzima akatazama mkekani. Mimi pia nilitazama, na naapa sikuona kitu ila mkeka. Lakini maji niliyasikia, na asubuhi yake udongo karibu na birika ulikuwa bado na unyevu. Wale wawili waliondoka wakitembea haraka, na walipofika kwenye kona nikasikia mabuti yakikimbia. Bereti ilianguka uani. Hakuna aliyerudi kuichukua, na mwishowe kuku wa Edisa akataga ndani yake.

Usiku ule sikucheka, ingawa sasa naweza. Wakati napakua ugali nilimwambia Yaya yaliyokuwa yananisonga tangu Jumapili.

"Ni mimi niliyesema. Kesho nitakwenda Kasese niwaambie."

"Utawaambia kwa lugha gani?"

Kiswahili changu siku zile kilikuwa cha kuuzia samaki.

"Ukienda wewe," akasema, "mimi ndiye nitakayeitwa kutafsiri. Nitalazimika kukutafsiri kama ulivyosema. Usinipe kazi hiyo, Kabugho."

"Basi tukimbie. Tuvuke mto, twende kwa mama mdogo."

"Na wale sitini wengine?"

Nilimtukana. Nilimwita mjinga, nikamwita mtumwa wa karatasi, nikamwambia mkewe alifanya vyema kumwacha. Yeye alikula ugali wake wote, akanawa, akasema samaki alikuwa mzuri. Nililala kwa hasira, na asubuhi nilipoamka alikuwa ameshapanda lori la Kasese pamoja na Opio. Sikumuaga. Hilo ndilo linalonila mpaka leo, kuliko hata lile la uwanjani.

Yaliyotokea Kasese aliniambia Opio, Alhamisi, akiwa amesimama mlangoni kofia mkononi. Alinieleza kwa kukatakata, nami nitayapanga.

Walifika kambini kabla ya adhuhuri. Yule afande alikuwa kwenye meza chini ya turubai, orodha mbele yake. Yaya akasalimu, akasema kuna kosa. Akaeleza kwamba watu wa Bwera hawana ndugu Uingereza wala Amerika. Ndugu zao wako ng'ambo ya mto, upande jua linapozama, na neno lilitafsiriwa hivyo.

"Nani nakufundisha maana hiyo?" afande akauliza.

Opio anasema kaka yangu hapo alishika sikio, akafumba macho. Kisha akaliachia sikio.

"Hakuna, afande. Ni mimi mwenyewe. Maana hiyo ninayo tangu utotoni."

Miaka zaidi ya kumi ya ukalimani hakuongeza neno wala kupunguza. Alikataa kumwongezea hata mjomba wetu neno moja mbele ya hakimu. Na siku alipodanganya, alidanganya kwa ajili ya mdomo wangu.

Afande akampa kalamu, akamwambia afute majina mwenyewe, moja moja, na kila moja alitamke kwa sauti kabla ya kulifuta. Akaanza na langu. Aliyatamka yote sitini na moja, polepole, akisimama kwenye kila jina kana kwamba mwenyewe ataitika. Alipofika kwa Magidu akasema, "Huyu amekufa," na afande akasema, "Futa pia." Alipomaliza, jua lilikuwa limeanza kushuka.

Afande akaishika karatasi, akaigeuza upande na upande.

"Karatasi tupu haiendi juu," akasema. "Juu banangojea jina. Andika moja."

Opio anasema hakukuwa na ubishi. Yaya aliinama, akaandika kwa mwandiko wake ule ule wa mahakamani, na safari hii afande hakumwambia alitamke. Wakampandisha kwenye lori. Kabla ya kupanda alimpa Opio daftari na kusema, "Mpe Kabugho." Lori likatoka langoni. Opio hakuona lilipinda wapi, kwa kuwa jua lilikuwa linampiga machoni.

Nilifungua ukurasa wa M. Kwa penseli, mwandiko wa zamani: Magharibi. Moja, swala ya jioni. Mbili, jua linakozama. Tatu, ng'ambo ya mto. Na chini, kwa wino: Nne, nchi za wazungu. Sikuijua. Kosa ni langu, M. S. Jina langu halimo. Nilitafuta kurasa zote, nikidhani labda amenilaumu mahali, na ningefurahi kama angenilaumu.

Mvua ilinyesha Ijumaa, ikaosha M za mwisho milangoni, na hazikuandikwa tena. Tumukunde alirudi siku ya saba, kwa miguu. Hakutuambia chochote kuhusu alikokuwa. Aligeuza banda lake, mlango ukaangalia mashariki, na mpaka anahamia Mubuku kulima hakuwahi kufanya kazi na uso wake kuelekea mtoni. Watu walikuwa wanapita nyumbani kwangu kusema asante na kuacha maharage, ndizi, kuku. Nilivipokea bila kuwatazama. Hakuna aliyejua nani alipaza sauti kutoka kundi la wanawake, au walijua na wakanihurumia, na huruma yao niliichukia pia.

Nilikwenda Kasese mara nne. Mara ya kwanza waliniambia hayupo. Mara ya pili, hajawahi kuwepo. Mara ya tatu walikuwa watu wengine kabisa langoni. Mara ya nne Opio alinishika mkono na kunirudisha kwenye lori, akasema, "Dada, ukikuja tena, wataandika karatasi ingine." Nikabaki nyumbani kusubiri. Mtu ambaye hakuzikwa hujui umlilie au umwekee chakula. Mimi nilimwekea chakula.

Zikapita wiki tatu. Jioni moja nilimpelekea Edisa uji, maana hakuwa na mtu wa kumpikia. Nilimkuta tayari yuko uani, mkeka umetandikwa, birika limejaa.

"Kabugho," akasema, "leta mukeka ingine. Hii iko mudogo."

"Mdogo kwa nini, bibi?"

"Bwana yangu haiko tena peke yake. Anakuyaka na mwenzake."

Uji ulinimwagikia mkononi, sikuusikia moto wake.

"Mwenzake gani?"

"Sijue. Uso siionake. Ni mutu murefu. Haombi, anasimamaka tu pembeni. Anakamata sikio yake, hivi." Na yule bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga mahakamani, ambaye siku ya kuandikishwa aliongea na sauti tu kwa sababu macho yake hayakuweza kumwona mwenye sauti, alishika ncha ya sikio lake la kushoto, akalivuta taratibu.

Najua mtakavyosema. Semeni tu. Mimi nimekwisha kubishana na wote, nikiwemo mwenyewe.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi. Anauliza. Kila siku kitu kimoja: magharibi gani? Magharibi gani? Na hakuna mutu anamujibu."

Nikaenda nyumbani, nikatoa mkeka wa Yaya kutoka kitandani kwake, nikarudi nao. Nikautandika kando ya ule wa Magidu. Jua likaingia nyuma ya vilima. Nikasikia maji, miguu miwili, halafu kimya, na katika kile kimya nikajua kwamba kuna mtu amefumba macho karibu yangu na anataka kuuliza. Nikashika mdomo wangu kwa mikono yote miwili, nikamngoja mpaka amalize.

"Sijui, Yaya," nikamwambia. "Uliza tena. Sitakukatiza."